Kucha za Mave na Rula Yangu

Ninyi walimu wachanga, kabla sijaanza, wekeni mikono juu ya meza. Viganja chini, vidole vimenyooka. Wewe mwenye simu, iweke kando, haitaibiwa, mimi niko hapa. Nataka kuona kucha.

Mnaona? Diploma mnazo, wengine hata ndevu mnazo, na bado kuna mmoja aliyeficha dole gumba chini ya vidole vingine. Nimekuona. Nimefundisha shule ya msingi hapa Bunia miaka thelathini na minne, na karibu kila Jumatatu ya miaka hiyo nilikagua kucha kabla ya somo la kwanza. Siku Mungu atakaponisomea orodha ya vidole nilivyovigonga, itabidi atafute kiti kwanza. Sasa nimestaafu. Magoti yanauma, mdomo hauumi, kwa hiyo nisikilizeni.

Kukagua kucha nilifundishwa na Mwalimu Dédé, mzee mfupi wa darasa la sita aliyevaa koti la kijivu hata wakati wa jua kali, mikono mifukoni. Mwaka wangu wa kwanza nilifika shuleni na kichwa kilichojaa vitabu vya ualimu, na sikujua hata rula inashikwa upande gani. Akanivuta pembeni.

“Zawadi,” akaniambia, “mikono ya mutoto njo bulletin ya mama yake, alama yake yote iko pale. Weye soma kucha, utajua nyumba yote.”

Akanieleza mbinu. Usitazame kucha kwa juu, maana kila mtoto anajua kuisugua kwa juu akiwa njiani. Geuza kidole, tazama kwa upande wa nyama. Kucha ikichungulia, ni ndefu. Ikichungulia pamoja na weusi, ni ndefu na chafu, na hapo rula inakula. Isipochungulia kabisa, kumi juu ya kumi. Alama zinaandikwa kwenye daftari la usafi kwa kalamu nyekundu, na Ijumaa mwenye alama nyingi anapewa cheo cha chef, yaani kiongozi, wa usafi. Mbinu ilikuwa safi kabisa. Ilikuwa tu na shimo katikati ambalo lori la mbao la Mambasa lingepita na mzigo wake, na mimi nililiona baada ya miaka ishirini na kitu.

Mwaka nilipoliona shimo hilo nilikuwa na darasa la tatu. Vijiji vya Djugu vilikuwa vimekimbiwa, mnaijua habari hiyo, wengine wenu mliibeba kichwani pamoja na godoro. Shule ikajaa. Dawati la watoto watatu likabeba watano, na wa tano aliandikia hewani. Katikati ya msongamano huo akaja Mave.

Alikuwa na miaka tisa, sketi ya bluu iliyokuwa ya mtu mkubwa ikakunjwa kiunoni, na bibi yake. Bibi huyo kila mtu alimwita Koko, na hata leo sijui jina lake lingine. Wawili hao ndio walikuwa familia nzima iliyofika Bunia. Walikaa kwenye mahema ya wakimbizi nje ya mji, na Koko alikaanga karanga na kuziuza barabarani.

Jumatatu ya kwanza nikageuza vidole vya Mave. Hakuna kilichochungulia. Kumi juu ya kumi. Jumatatu ya pili, kumi. Ya tatu, kumi. Basi mimi, Madame Zawadi, mwanamke mwenye uzoefu, nikamsimamisha mbele ya darasa.

“Munaona Mave? Anakaa mu hema. Maji anapanga mustari. Na kucha yake iko propre kuliko yenu bote! Munasikia haya kidogo?”

Watoto wakapiga makofi. Mave akaangalia chini. Nikasema moyoni: tazama, na unyenyekevu pia anao! Nikampa cheo cha chef wa usafi, akavalishwa utepe mwekundu begani, na kila Ijumaa kwa majuma matano hakuna aliyemnyang'anya.

Kitu cha ajabu kikaanza kutokea. Darasa zima likawa safi. Watoto niliowagonga tangu mwanzo wa mwaka wakaleta kucha fupi, nzuri, za kumi juu ya kumi. Mkuu wa shule akaja akaona, akanisifu mbele ya walimu wote. Nilitembea juma zima nikiwa nimenyoosha shingo. Nilidhani ni mahubiri yangu.

Tatizo la utukufu wangu lilikuwa Grâce. Grâce alikaa dawati la mbele, na hajawahi kubeba siri zaidi ya mita tano. Siku moja tuko katikati ya kugawanya, akanyoosha mkono.

“Madame, Mave hakatake kucha na wembe. Anazikulaka.”

“Anakula nini?”

“Kucha, Madame. Jeanne pia anakula. Na mi nimeanza, juu mi pia nataka kuwa chef.”

Nikaweka chaki chini. Nikapita dawati kwa dawati na kutazama vidole kama mtu anayetazama, siyo kama mtu anayetoa alama. Watoto wanane walikuwa wanajitafuna ili kupata utepe. Halafu nikafika kwa Mave. Ukucha wa dole gumba ulibaki kipande kidogo tu, na nyama ya pembeni ilikuwa imechanika. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na damu iliyokauka. Kumi juu ya kumi. Nilikuwa nimempa cheo mtoto anayejila mwenyewe.

Ningependa kuwaambia kwamba nilihuzunika. Hapana. Nilikasirika. Niliona nimedanganywa, na mbele ya Mkuu wa shule nimekwisha kupokea sifa. Nikamvua Mave utepe palepale. Kesho yake nikaja na dawa.

Dawa hiyo mnaijua, mama zenu waliipika: pilipili ndogo kali iliyotwangwa, ikakorogwa na mawese. Nikawapanga wote tisa mstari, nikawapaka vidole kumi kila mmoja, nikifurahia kazi yangu. Grâce alisahau akajikuna jicho, na sauti yake ilifika soko kuu. Kufikia saa nne wanane walikuwa wamepona kabisa. Nikajiona daktari.

Wa tisa alikuwa Mave. Alikaa kimya na mikono yake mapajani mpaka karibu saa sita, halafu akapeleka kidole mdomoni. Akalamba pilipili, akameza, akaendelea na kidole kingine. Machozi yalimtoka, sauti haikutoka. Mtoto anayelia bila sauti, vijana, ni jambo la kuandika kwenye madaftari yenu kabla ya mambo mengine yote niliyosema. Mimi sikuliandika. Kesho yake niliongeza pilipili.

Baada ya juma moja dole gumba lake la kulia lilikuwa limevimba na usaha. Hakuweza kushika bic yake ya kuandikia. Kisha hakuja siku tatu.

Siku ya nne, baada ya masomo, nilikwenda kwenye mahema kumtafuta. Koko alikuwa amekaa juu ya bidoni, dumu la maji, anatoa karanga maganda. Mave alikuwa nyuma yake, mkono umefungwa kitambaa cha kanga. Nilitoa salamu ndefu, kwa sababu aibu yangu nayo ilikuwa ndefu. Koko hakuniambia karibu.

“Madame,” akasema, “mutoto yangu alikuya ku masomo na vidole mbili ya kuuma. Sasa iko na kumi.”

“Koko, nilitaka kumusaidia.”

“Niliona. Ulimusaidia sana.” Akavunja ganda. “Masomo imeisha. Atakaa na miye hapa.”

“Koko, huyu mutoto iko na akili. Musimutoshe ku masomo.”

“Akili itamusaidia nini kama hana vidole ya kuandika? Ponesha kwanza kidole. Kisha tutasemezana ya masomo.”

Ndivyo mambo yalivyosimama. Kidole kisipopona, Mave angemaliza elimu yake kwenye darasa la tatu, kwa sababu ya rula yangu na pilipili yangu. Msiniulize kama nililala vizuri.

Tulikwenda kituo cha afya kwa pikipiki moja: dereva, Mave, mimi, na Koko nyuma kabisa, akimkemea dereva njia nzima. Muuguzi alipasua jipu, akasafisha, akafunga bendeji. Halafu akauliza ni nani aliyemtia mtoto pilipili kwenye vidonda. Koko akanitazama. Mimi nikawa nasoma bango la chanjo la ukutani kwa makini sana.

“Kidole nitaponesha,” muuguzi akasema. “Lakini meno inatumwa na kichwa. Muende mu chumba ya mwisho, kwa Espé.”

Espé alikuwa msichana wa kusikiliza watu. Ndiyo, hiyo sasa ni kazi, inasomewa chuoni. Alikuwa na suruali ya jinzi na nywele za kusuka, mdogo kuliko cheti changu cha ualimu. Chumbani mwake kulikuwa na mkeka, penseli za rangi na mdoli mmoja wa kitambaa asiye na jicho la kushoto. Nikasema moyoni: haya, tumetoka mbali kuja kucheza.

Nilingoja anipe dawa. Nilingoja aniulize kwa nini mtoto anakula kucha, nimjibu ni ukaidi, twende nyumbani. Akaniuliza kitu kingine.

“Madame, anakulaka saa gani?”

“Saa gani namna gani? Anakula tu! Mi niko mwalimu, siko saa ya ukuta.”

“Basi muende mukaangalie. Siku tano. Musimugombeze, musimupake kitu. Muandike tu saa.”

Nilitoka pale nimeudhika. Miaka yote hiyo ya kazi, na mtoto wa juzi ananituma kuandika saa. Lakini Koko alikubali Mave arudi siku hizo tano tu, bendeji ikiwa bado kidoleni, na mimi nilikuwa na deni la dhamiri. Nikafungua daftari la usafi kwa nyuma, nikaanza kuandika.

Asubuhi, hakuna. Imla, hakuna, ingawa imla yangu ingemfanya hata askari ale kucha. Mchezo wa saa nne, hakuna, alisimama tu ukutani. Kuanzia saa tano na nusu hivi, mkono wa kushoto ukaanza kupanda. Saa sita kasorobo, mikono yote miwili, na bendeji ikitafunwa. Jante ilipogongwa saa sita, maana kengele yetu ni jante, rimu ya gurudumu la gari iliyotundikwa, Mave aliruka kama aliyegongwa yeye. Siku tano, saa ileile. Siku ya tatu nilidhani ni njaa, nikampa kiazi kitamu. Alikula kiazi chote, akashukuru, akarudi kwenye kucha.

Nilimpelekea Espé daftari, Koko na Mave wakiwa nami. Alilisoma mbele yetu sote, akamgeukia Koko, polepole, kwa heshima.

“Koko, ile siku ya kukimbia, saa sita kulikuwa nini?”

Mave alikuwa kwenye mkeka, anachora.

“Alikuwa ku masomo,” Koko akasema. “Wakagonga kengele, akarudi nyumba. Akakuta mulango wazi. Sufuria ya maharagi ilikuwa ingali inachemka. Muntu, hakuna. Siye tulikuwa tumekimbilia mu mahindi, mi, mama yake na majirani. Mama yake alirudi kumutafuta, wakapishana njia. Mutoto nilimupata kisha siku mbili. Mama yake, mpaka leo hatujamuona.”

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kumi juu ya kumi yangu. Kila siku saa sita nilimgongea mtoto yule jante na kumwambia nenda nyumbani, na kila siku yeye alikuwa anakwenda kuangalia kama sufuria inachemka peke yake. Nililia, vijana. Nililia kwa kelele, mimi niliyekuwa nikiwaambia watoto kwamba machozi hayafuti ubao. Espé alinipa mdoli ule wa jicho moja nimshike, na nilimshika.

Nilipopata sauti nilimuuliza kama sasa kila mtoto anayekula kucha nimlete kwake, maana nina darasa zima.

Akacheka. “Hapana, Madame. Wengine wanakulaka juu ya kuzoea. Wengine juu somo haina utamu.”

Hiyo ya pili niliipokea kama mwanamke mzima. Na ni kweli. Wale wanane walitaka utepe, utepe ulipoondoka na kucha zikarudi. Kwa hiyo msinielewe vibaya mkaanza kuona vita kwenye kila kidole kilicho mdomoni. Angalieni damu. Angalieni kama mtoto amekuwa mkimya kuliko jana, kama hachezi, kama anaogopa kulala au ameanza tena kukojoa kitandani. Na angalieni saa. Ukimuuliza mtoto kwa nini, atakujibu sijui, na hadanganyi. Hata mimi ukiniuliza kwa nini nilipaka pilipili mara ya pili, sijui.

Dawa ya Espé ilikuwa rahisi kusema: saa tano na nusu, Mave amwone Koko kwa macho yake. Amzoee hapo kwanza, halafu Koko asogee mbali kidogo kidogo, mpaka mtoto aamini kwamba asipomwona, bado yupo. Ugumu ulikuwa Mkuu wetu wa shule. Yeye alikuwa na vita vyake na wauzaji. Hata mama wa mandazi aliyeegemea ua wa shule alifukuzwa kwa filimbi. Kumwomba aruhusu bibi na gunia la karanga ilikuwa kazi bure, kwa hiyo sikumwomba.

Koko aliingia darasani kwangu Jumatatu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, gunia miguuni, akaanza kutoa maganda. Siku ya pili Mkuu akapita dirishani. Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili.

“Madame Zawadi, huyu mama anafanya nini mu classe?”

“Ni matériel didactique, Monsieur le Directeur.”

“Nani?”

“Iko juu ya hesabu. Inspekta alisema tufundishe na vitu ya kushika. Karanga, batoto banazihesabu. Bila mama, karanga haifike.”

Alimtazama Koko. Koko akamtazama, akavunja ganda, akamnyooshea karanga mbili. Mkuu alizichukua, akaenda zake. Mpaka leo naamini aliogopa kuuliza zaidi kwa sababu neno inspekta lilikuwa limetajwa.

Jioni Koko aliniuliza maana ya lile jina nililompa. Nikamweleza: ni kifaa cha kufundishia. Alifikiri kidogo.

“Sawa,” akasema. “Nimekuwa mukimbizi. Hii iko muzuri zaidi.”

Na kifaa chetu kilifanya kazi. Nilikuwa na mtindo wa kuuliza hesabu ambazo hakuna mtu mwenye akili angezifanya, na Koko alizikataa kwa sauti. Ukisema mama amenunua vikombe vinne vya karanga vyenye karanga kumi kumi, yeye anaingilia: “Kikombe gani ya karanga kumi? Huyo muuzaji ni mwizi!” Watoto wakaanza kupenda hesabu ili tu kumsikia Koko akinigombeza. Somo la dini alilala na kukoroma, na sikumlaumu. Saa tano na nusu Mave aligeuza kichwa, akamwona bibi yake, akarudi kwenye daftari. Mkono ulipanda mara moja moja, ukashuka. Mikono ikitafuta kazi, nilimpelekea karanga atoe maganda huku anasikiliza. Hilo nalo ni la bure, likumbukeni: mkono wa mtoto hauachi kitu, unabadilisha kitu.

Baada ya majuma mawili Koko akahamia nje, chini ya dirisha. Kisha kwenye ua. Kisha kwenye bomba la maji, ambapo dirishani inaonekana kanga yake tu, ya manjano. Hapo ndipo Koko aliposhikwa na malaria akakosa kuja, na ile kanga haikuonekana. Saa sita nilipomwendea Mave, bendeji ilikuwa chini na dole gumba lilikuwa linavuja damu tena.

Nilikata tamaa kabisa. Nilienda kumlalamikia Mwalimu Dédé, ambaye alikuwa amestaafu zamani na alikuwa kitandani akiugua kifua. Nilimweleza yote, utepe, pilipili, jante. Nikamwambia: Muzee, ile mbinu yenu ya kugeuza kidole ilinifanya kipofu.

Alitoa mikono chini ya blanketi akaiweka juu ya kifua. Nilikuwa namfahamu tangu ujana wangu na sikuwahi kuiona mikono ile bila mifuko. Kucha hazikuwepo. Vidole vyote kumi vilitafunwa mpaka kwenye nyama, vya zamani, vigumu.

“Tangu lini, Muzee?”

“Tangu niko mutoto ya masomo. Mwalimu yangu alinipigaka juu yake.” Akatabasamu. “Kisha njo nikakuwa mukaguzi. Weye ulisha kuona muntu anakagua mukaguzi?”

Tulicheka mpaka mke wake akaja kuona nani anakufa. Alikufa kweli, lakini mwaka uliofuata, na walimzika na lile koti. Mimi peke yangu pale makaburini ndiye niliyejua lilikuwa la nini. Nampenda mzee yule na namkasirikia hadi leo, kwa pamoja, na sioni haja ya kuchagua.

Kwa Mave, kesho yake nilifanya kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari la Espé. Saa tano na nusu niliinama kwenye dawati lake.

“Leo jante ikilia,” nikamwambia, “tunaenda siye wawili. Kama Koko hayuko, mi niko. Kama Koko iko, utanionyesha fasi anakaaka.”

Tulitembea kwenye lile vumbi jekundu, mimi na viatu vyangu vya ualimu, yeye na mkono wake ndani ya wangu, unyevu. Kadiri tulivyokaribia mahema ndivyo alivyozidi kunibana vidole. Tukapita kona. Koko alikuwa juu ya bidoni yake, amejifunika blanketi kwa homa, anatoa karanga maganda.

“Munachelewa,” akasema.

Mave aliuachia mkono wangu, akaenda akamgusa Koko goti. Akaligusa tena. Halafu akakimbia kucheza na wenzake. Koko alinisogezea bidoni nyingine nikae. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia karibu.

Tulirudia safari ile siku nyingi. Kisha nikawa naishia kwenye bomba la maji. Kisha kwenye ua. Kisha nikawa nasimama mlangoni pa darasa tu, nikijifanya napangusa ubao.

Muhula wa tatu ulikuwa unaelekea mwisho nilipofanya ukaguzi kama kawaida. Rula bado nilikuwa naibeba, kwa mazoea, ila haikuwa inagonga mtu. Nikapita dawati kwa dawati, nikigeuza vidole. Nikafika kwa Mave. Alinyoosha mikono bila kukunja hata kidole kimoja. Nikageuza dole gumba la kulia.

Kucha ilichungulia. Ilikuwa imechungulia vizuri, nyeupe pembeni, na chini yake kulikuwa na mstari mzima wa udongo mwekundu wa Bunia. Nikageuza vingine. Vyote. Uchafu mtupu, kidole hadi kidole, wa mtoto aliyecheza Jumapili nzima.

Darasa zima likaitazama rula. Wote walijua sheria.

“Mave, hii ni nini?”

“Ni muchafu, Madame.”

“Muchafu ya nani?”

“Ya miye,” akasema, na akacheka. “Tulikuwa tunajenga jiko na benzangu. Ya kucheza.”

“Madame, atapigwa?” akauliza Grâce.

“Grâce, funga mudomo.”

Niligeuka kwenye ubao nikaandika tarehe, ambayo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Niliiandika taratibu sana. Nilipoona macho yamekauka, nikarudi, nikafungua daftari la usafi, na mbele ya jina la Mave nikaweka sifuri kubwa ya kalamu nyekundu. Nikaiandika na kwenye daftari lake mwenyewe. Alinyoosha shingo kuitazama.

“Koko ataiona?”

“Koko iko nyumba,” nikamwambia. “Utamupelekea weye.”

Saa sita jante ilipogongwa, nilisimama mlangoni na kitambaa changu cha ubao. Mave alipita mbele yangu katikati ya wenzake, anakimbia, daftari lenye sifuri likiwa juu ya kichwa, na hakugeuka kutazama kama nipo.